Kabla Hujavuka Mto wa Lingeka

Shija baba yangu,

Sitaanza kwa "hujambo, mimi sijambo", maana mchana huu nimekuona mwenyewe ukila michembe, viazi vyetu vikavu, na maziwa kama mtu anayekwenda vitani. Hujambo kabisa. Sasa umekwenda Migato kumuaga bibi yako, na mimi nimekaa hapa kibarazani, na gari la kampuni uliloegesha uani liko mbele yangu. Umeliosha mpaka ndani ya matairi. Chumba chako unacholala hujakifagia tangu wiki iliyopita, lakini gari linang'aa. Haya.

Nina mdomo, ningeweza kukuambia haya kwa mdomo. Lakini mimi na wewe tukianza habari hii, ama wewe unasimama unaondoka, ama mimi naanza kufoka. Unanijua. Dada zako Kulwa na Doto husema mama akikasirika hata kuku wanatafuta pa kujificha. Basi nimeona niandike, wewe usome kesho ukifika huko Meatu, kabla ya mto, ukiwa umekaa na hakuna wa kubishana naye.

Habari za blanketi, chandarua, uji na wanawake wa huko sitazungumza. Wewe ni mtu mzima, utajijua.

Nakuandikia jambo moja. Juzi tukiwa tunakula ulisema bosi wako mpya alipokukabidhi funguo alikuambia, "Kijana, hili gari ndiyo roho yako." Ukacheka, ukalirudia neno lile kwa sifa, kama vile umepewa uchifu. Mimi nikainuka na sahani yangu. Ulidhani nimechukia kwa sababu ulimwaga mchuzi. Sikuchukia, baba. Niliogopa. Neno hilohilo tuliambiwa mimi na baba yako, yeye akalishika, na likamuua. Unajua kwamba alikufa mtoni. Hujui alivyokufa, kwa sababu hakuna mtu aliyeona kwa karibu isipokuwa mimi, na mimi nilifunga mdomo. Kesho unapita mto uleule. Sitaki ufe kwa ajili ya gari, Shija. Hilo ndilo jambo lenyewe.

Mimi udereva nilijifunza jeshini, tulipokuwa wasichana wachache na wanaume wakitucheka kwamba tutaendesha kwa kioo cha kujipodolea. Niliporudi, ushirika wa pamba ukanipa Landrova kuukuu ya kuzungushia mabwana shamba. Watu walikuwa wanatoka mashambani kuja kuniangalia. Nkoma huko mpaka leo wazee wananiita Mama Landrova. Nililipenda jina lile kuliko nililobatizwa, nikuambie ukweli.

Nchi yetu unaijua, ina njia mbili za kumkamata dereva. Kuna mbuga nyeusi, ukikwama wakati wa mvua unangoja jua. Na kuna mito ya mchanga, mikavu karibu mwaka mzima, mipana, myeupe, ambayo mgeni akiiona anadhani ni barabara. Mbuga inakuchafua tu. Mchanga unakudanganya. Mimi niliuogopa mchanga, na kwa sababu niliuogopa sikukwama. Nilikuwa nikifika ukingoni nazima gari, navua viatu, navuka kwanza kwa miguu, pekupeku. Mabwana shamba wanalalamika kwamba tunachelewa, nawaambia teremkeni basi mlisukume. Mguu ukizama mpaka kifundo, pale gari halipiti. Mguu ukigusa pagumu chini, nakumbuka. Halafu narudi, napunguza upepo wa matairi mpaka yalale tumbo kama ng'ombe aliyeshiba, naweka fowili, matairi yote manne yavute, na gia ndogo, naingia polepole na sisimami mpaka ng'ambo. Wala sikanyagi mafuta kwa hasira. Na kama inawezekana navuka asubuhi, mchanga ukiwa bado umeshikwa na umande. Saa za jua kali mchanga unakuwa kama unga wa muhogo uliomwagika.

Jumapili nilikuja kukutazama mlipokuwa mnachezea gari mtoni hapa mjini na wenzako. Hukuniona, nilikuwa nyuma ya wale wanaofua. Nilikuona unatoa upepo kwa njiti ya kiberiti na nikafurahi, nikasema huyu ni mwanangu. Halafu ukakwama. Wenzako wakapiga mbinja, wewe ukakanyaga mafuta, matairi yakachimba, na uso wako ukawa uso ule wa baba yako wa mtu aliyeaibishwa mbele za watu. Ukakanyaga tena. Nikarudi nyumbani kabla hamjalitoa.

Sasa nisikilize habari ya siku ile.

Ulikuwa darasa la tatu. Ilikuwa enzi za ruksa, pamba imeachiwa huru, ushirika umelala, na kila mwenye lori amekuwa mnunuzi. Wakulima walifurahi mwanzoni, na haki yao, maana walishachoka kupima pamba na kungoja malipo mpaka wajukuu. Lakini kwetu tuliokuwa kazini ilikuwa mbio. Ushirika haukuwa na mshindani, kwa hiyo nilipovua viatu hakuna aliyenikimbiza. Mfanyabiashara aliyetuchukua mimi na baba yako, mimi dereva, yeye mpima pamba, alikuwa kijana wa kutoka nje ya mkoa, mpole wa sauti, na kila asubuhi swali lake lilikuwa moja: wenzetu wamefika wapi? Dereva aliyekuwepo kabla yangu aliacha gari porini limevunjika ekseli, akatembea kwenda kutafuta msaada, akirudi limeng'olewa taa na betri. Alilala mahabusu kwa ajili hiyo. Mimi nilipopewa funguo nikaambiwa lile neno, na baba yako Luhende alikuwa amesimama pembeni yangu. Mimi lilipita sikio hili likatokea lile. Yeye akaliweka moyoni. Baba yako alikuwa mtu wa kuaminiwa, na mtu wa kuaminiwa ni rahisi sana kumfunga kamba.

Ilikuwa mwisho wa msimu, mawingu ya vuli yameshaanza kuzunguka lakini hapa Bariadi hakujanyesha hata tone. Bosi akasikia kwamba Lingeka imebaki pamba nzuri na kwamba lori la kampuni nyingine limeshaondoka kuifuata. Tukatumwa kwa Landrova kuwahi na mizani, tufungue kituo kabla yao, lori letu lifuate. Ubao wangu wa kuweka chini ya jeki isizame nilikuwa nimeuacha kituo cha Nkoma, watu wanaukalia. Nikasema tupitie tuuchukue. Baba yako akasema tutachelewa. Nikasema haya, na hapo sikumbishia, kwa sababu na mimi nilitaka kuwahi. Usinione hapa nazungumza kama mwenye hekima. Nilikuwa na joto la mashindano mwilini kama wewe Jumapili.

Tulifika mtoni jua la utosi. Mzee Gamaya, yule unayemjua, alikuwa anatoa ng'ombe zake mtoni kuzipandisha upande tuliotokea. Wenyeji wa pale huchimba visima kwenye mchanga, wanachota maji na kuyamimina kwenye mabirika ya udongo ng'ombe wanywe. Mchana wa jua namna ile ndiyo saa ya kunywesha. Mtu hatoi ng'ombe mtoni saa ile. Na wale ng'ombe walikuwa hawajanywa, midomo mikavu, wanageuka kurudi kwenye maji na yeye anawachapa wapande. Nililiona hilo kwa macho yangu, mimi Msukuma, binti wa mfugaji, niliyezaliwa katikati ya ng'ombe. Nililiona na sikuliuliza.

Sikuzima gari. Nilitoa kichwa dirishani nikamsalimu, "Ng'wadila, baba." Akajibu, "Ng'wadila, mayu," yaani mama. Nikamuuliza, "Mhola?" Akasema, "Mhola," nami nikaingiza gia.

Shija, wewe umekulia mjini, Kisukuma chako cha kuomba maji tu, lakini hili unalijua. Mhola ni salama, ni amani, ni kwema. Na kwetu mtu hujibu mhola hata kama nyumba inaungua. Kwanza mhola. Halafu anavuta pumzi, halafu anasema "aliyo", yaani lakini, na hapo ndipo habari inapoanza. Aliyo mtoto anaumwa. Aliyo tumezika jana. Ukitaka kujua hali ya mtu ngoja aliyo yake, na kama hana utaisikia kwenye kimya. Hata Waswahili wengine wanafanya hivyo, nzuri ila, salama ila, lakini sisi tumezidi. Ni adabu, hatumtupii mtu msiba usoni kabla hatujamtuliza. Mimi hilo nililinyonya na maziwa. Nilichukua mhola ya mzee wa watu nikaondoka nayo kabla hajamaliza kuitoa.

Kwenye kioo nilimuona amenyanyua fimbo. Baba yako akageuka akasema, "Yule mzee bado anasema." Nikamjibu, "Tutamsikia tukirudi."

Maneno yangu hayo. Nimeyasikia kila siku tangu siku ile, nikiwa nachambua mchele, nikiwa kanisani, nikiwa nakucheka wewe na michembe yako.

Sikuvua viatu. Sikupunguza upepo, maana pampu ya mkono ilikuwa inavuja na kujaza tena ng'ambo kungekula muda. Tuliingia, tukafika katikati, karibu na visima vile, mchanga uliochimbwachimbwa, na Landrova ikakaa. Hapo ningezima, ningecheka, ningeanza kuchimba, tungetoka. Niliwahi kuona mbaya zaidi. Badala yake nikakanyaga mafuta. Nilikuwa nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani, nikakanyaga mpaka difu, lile bonge la chuma kati ya matairi ya nyuma, ikalala juu ya mchanga na matairi yanazunguka hewani. Baba yako hakunisema. Alivua shati lake jeupe la kupimia pamba, akalikunja vizuri akaliweka kwenye kiti, akachukua koleo.

Akaweka jeki juu ya gunia lililokunjwa, kwa kuwa ubao hatukuwa nao. Gari likainuka kidogo upande wa nyuma. Akalala kifudifudi chini yake, kichwa upande wa nyuma, anavuta mchanga kwa mikono kutoka kwenye difu, mimi niko kwenye usukani, injini inanguruma, nangoja aseme twende. Akaniambia, "Mbona huku chini kumelowa?" Nikamwambia labda ni maji ya visima. Nikasikia mlio kwa mbali, upande wa juu wa mto, mlio mzito wa chini kama lori linalopanda mlima kwa gia ndogo. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri ni lori la wale wenzetu. Nikamwambia, "Luhende, fanya haraka, wanakuja!" Naye akafanya haraka.

Watu wa nchi nyingine wana mito iliyokaa mahali pake, mtu anaikuta. Huku kwetu tunasema mto unakuja, kama mgeni. Mvua imenyesha mbali mashariki, porini huko, mbingu ya kwako ni safi, jua linakuchoma shingo, na mto unakuja. Ulikuja wa rangi ya chai, mbele yake povu na vijiti na kinyesi cha ng'ombe, na haukuwa mkubwa mwanzoni, ulikuwa wa magotini. Niliruka chini nikapiga kelele, "Toka! Liache, toka!" Alinisikia. Alikuwa na muda wa kutoka, Shija, ndiyo ninayotaka uisikie vizuri hiyo. Akasema, "Bado kidogo, limeshashika."

Maji yakala mchanga chini ya gunia, jeki ikalala, na gari likakaa chini. Lilimkalia kiunoni na mapajani. Kichwa na mabega vilikuwa nje, upande wa nyuma. Nilimshika kichwa nikakiinua juu ya maji, nimepiga magoti, mgongo wangu nimeuelekeza kule maji yalikotoka. Maji yalikuwa yanapanda lakini kidevu chake kilikuwa juu. Hakulia. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuniambia chumvi imepungua, "Zima injini, itakunywa maji."

Nikaenda kuizima.

Mwanangu, nimekaa na karatasi hii muda mrefu hapo. Nikueleze namna gani? Dereva wa miaka mingi akisikia injini itakunywa maji, mwili wake unaondoka kabla akili haijajua. Nilimwachia kichwa. Nilikimbia kwa kushika ubavu wa gari mpaka mlangoni, nikanyoosha mkono, nikazungusha ufunguo, injini ikanyamaza. Na ilipokuwa kimya ndipo nikasikia sauti ya mzee Gamaya kutoka ukingoni, amepaza mpaka inakatika, "Mto unakuja, mayu! Mto unakuja!" Kumbe alikuwa anapiga kelele hizo tangu tulipoingia. Injini ndiyo ilikuwa inanizuia kumsikia. Nilirudi nyuma ya gari nikapapasa. Maji yalikuwa yamefika kifuani kwangu. Nilimkuta chini yake, nilishika nywele, nilishika mkono wake, na mkono wake ulinishika kwa nguvu, halafu haukunishika.

Gamaya na vijana wa pale walikuja na kamba za kufungia ng'ombe. Alikuwa amepiga mwano, yowe letu la hatari, hata kabla maji hayajatokea, kwa hiyo watu walikuwa njiani. Wangengoja yowe langu ningekuwa nimekwenda pia, na wewe ungelelewa na bibi. Walinitoa kwa nguvu, nilikuwa nimewauma.

Maji yalipokwisha, gari lilikutwa chini huko limelala ubavu, limejaa mchanga mpaka kwenye dashibodi. Baba yako alikutwa jirani yake. Bosi alikuja na watu wake. Alinipa pole, sitamsingizia, alinipa pole na machozi yalimlenga. Halafu akaenda kwenye gari, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili akakitazama. Watu wa pale waliguna. Mimi sikuguna. Ningemgunia kwa mdomo gani, na mimi ndiye niliyemwachia mume wangu kichwa nikaenda kuihudumia injini ileile?

Askari aliyekuja kuandika maelezo hakuwa mtu wa huku. Akamuuliza Gamaya, "Dereva alipokuuliza kama ni salama, ulimjibuje?" Mzee wa watu, hajui kudanganya, akasema, "Nilijibu mhola." Akauliza mhola ni nini, akaambiwa ni salama. Akaandika kwamba mzee alithibitisha mto ni salama. Wee! Walitaka kuondoka naye. Nilisimama na nguo zangu zimekauka matope nikamwambia yule askari, futa. Hajathibitisha kitu. Alikuwa anaanza kusema, na mimi sikungoja. Wazee waliokuwepo walielewa mara moja, walinitazama na kuangalia chini. Mpaka hapo nilijisema mbele za watu. Habari ya kuzima injini sikuisema, na hakuna aliyeuliza.

Bibi yako unayemuaga leo nilimkuta Migato anapeta mtama. Alikuwa hajaambiwa, walikuwa wameniachia mimi. Akaniona nilivyo. Akaweka ungo chini, akanisalimu, akauliza, "Mhola?" Nami nikajibu, "Mhola duhu." Salama tu. Nikiwa na maiti ya mwanawe kwenye trekta barabarani. Sikudanganya, Shija, ndivyo tunavyosema. Akakaa chini kwanza, akanyoosha miguu, akapanga kanga yake, akaniambia taratibu, "Aliyo?" Akangoja. Alingoja mpaka nikaweza. Mimi sijawahi kuona adabu kubwa kama ile, na kila nikiikumbuka naona aibu, kwa sababu yeye alingoja habari ya kifo cha mwanawe na mimi sikungoja habari ya mto.

Na wewe ulitoka ndani ya nyumba ya bibi ukikimbia, hujui kitu, ukatazama nyuma yangu barabarani, ukaniuliza, "Mama, gari liko wapi?"

Tangu siku ile sijaendesha. Mmezoea kusema mama macho yamechoka. Macho yangu mazima, naona mpaka kupe wa ng'ombe wa jirani.

Basi, sikutaka kuhubiri na naona naelekea huko. Ulipoanza kushinda gereji nilikukataza, ukaenda kwa siri. Mchelea mwana kulia hulia yeye, najua, lakini nikakuacha, halafu nikaanza kukufundisha, ukidhani nimekubali. Nilikuwa sijakubali. Nilikufundisha kwa sababu kama utakwenda hata nikikataza, bora uende unajua. Kila jioni uliponiuliza habari ya beringi na grisi nilikujibu, na usiku niliota maji. Gari ukishalivusha kwenye maji, fungua difu utazame oili, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa imwage yote usisikilize mtu. Ea klina, chujio la hewa ya injini, ikung'ute kila siku ukiwa mchangani. Hayo nimeshakufundisha mpaka umechoka na huko hutashindwa kwa ujinga. Ubao mpya wa jeki nimekuchongea kwa mninga, uko nyuma ya kiti. Usiukopeshe, na usimruhusu mtu kuukalia.

Ninachoogopa si ujinga wako. Naogopa sifa yako. Umerithi kwangu joto la kuwahi, na umerithi kwa baba yako kuaminika, na mtu mwenye vyote viwili mbele ya mto ni maiti inayotembea. Nisamehe kwa neno hilo, nimeliandika na sitalifuta.

Kuna watu watakuambia baba yako alikuwa shujaa, alikufa akilinda mali ya tajiri. Msibani walisema hivyo, na mimi niliitikia kwa kichwa kwa sababu nilikuwa mjane mwenye watoto watatu na ilikuwa lazima niitikie kitu. Hakuwa shujaa siku ile. Alikuwa mtu aliyeogopa kulala mahabusu, aliyeogopa kurudi nyumbani mikono mitupu. Nilimpenda mno, na nina hasira naye mpaka leo. Ningemzaba kofi angefufuka.

Kwa hiyo sikia. Siku itafika, si lazima mto ule, mito ni mingi na msimu ni mrefu. Utakuwa katikati, gari limekaa, na utasikia mlio. Utajiambia ni lori. Utajiambia bado kidogo. Bosi wako atakuwa kichwani mwako na neno lake la roho. Mwambie huyo bosi wa kichwani kwamba roho yako mimi ndiye niliyeibeba tumboni, na sikuiandikisha kwenye kampuni ya mtu.

Liache. Liache limewaka, likinywa maji linywe. Acha shati, acha viatu, acha ubao wangu wa mninga. Kama kuna mtu chini yake au ndani yake, mshike yeye na usimwachie hata akikuomba. Panda ukingoni, ukae chini, ulitazame likienda. Watakaokucheka watakucheka mzima. Wakitaka kukufunga wakufunge, nitakuletea chakula huko, mahabusu nitakuja kwa miguu na nitakuja nikiimba. Kama hawakukufunga, njoo nyumbani, hata kama ni mwendo wa siku kadhaa, umelowa, huna kitu mkononi. Ukinikuta mlangoni uniambie, "Mama, nimeliacha," na mimi nitapiga vigelegele mpaka majirani wadhani umeoa.

Ni mimi mama yako, niliyekwenda kuzima injini.